Drafti, usingizi na mkebe wa simu

Usiku wa kwanza kulala hadi asubuhi bila kushtuka ni ule wa siku niliyopigwa drafti mara sita na mzee wa miaka 71. Alinipiga akinywa strungi yake taratibu, hata usoni hanitazami. Kibao chenyewe kilikuwa kimechorwa kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya bango kuukuu la mtu aliyewahi kuwania udiwani. Ilikuwa Julai 2024, hapa mtaani Jericho, Nairobi, na mimi nilikuwa na wiki nne hivi sijui usingizi ni nini.

Kazi yangu ni ya uchapishaji, mjini, upande wa River Road. Tunachapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda na program za mazishi. Juni ile Mswada wa Fedha ulipoletwa na ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na ule wa asilimia 2.5 kwa wenye magari, hata sisi tusioota kununua gari tulikasirika. Tarehe 18 nilitoka na wenzangu. Tarehe 20 nikatoka tena. Tarehe 25 vijana walipoingia Bunge, mimi nilikuwa ndani ya duka, mlango wa chuma umeshushwa, kitambaa chenye maji puani, nasikia milio na kubahatisha ni ya nini. Kesho yake rais akasema hatautia saini mswada. Wiki mbili baadaye akavunja baraza la mawaziri. Ungedhani tungeshangilia, na kuna walioshangilia.

Lakini kazi za mazishi zikaanza kuja. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilikuja kuhesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Kwangu hesabu ilikuwa ni picha kwenye kompyuta na tarehe mbili chini yake. Unazoea kuandika 1938 hadi 2024. Kuandika 2003 hadi 2024 mkono unasita, unarudi kuhakikisha hujakosea.

Nikifika nyumbani nilishika simu hadi saa nane, saa tisa za usiku. Video moja inaleta nyingine. Nilikuwa nikijiambia kwamba kufunga macho ni usaliti. Asubuhi taya zinauma kwa kusaga meno usiku, chai inapoa mbele yangu, namkaripia mtoto wa dada yangu kwa kosa la kuangusha kijiko. Na ukweli mwingine ambao sikuupenda: tangu nianze kukesha na simu, maandamano niliacha. Sikuwa na nguvu hata ya kupanda matatu.

Siku moja ilikuja familia, dada wawili na mjomba wao. Walileta picha mbili za marehemu. Moja ya kitambulisho, amekaza uso. Nyingine anacheka mpaka jicho moja limefumba, mkononi ana kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama. Nikaweka ile ya kitambulisho kwenye jalada, kama kawaida ya kazi. Dada mdogo akaniuliza, “Huyu ni nani umeweka hapa?” Nikadhani nimechanganya mafaili. Akasema, “Kaka yetu alikuwa mcheshi. Usimgeuze kuwa mtu wa polisi.” Mjomba akaguna kwamba kanisani haitakuwa heshima. Walibishana pale kaunta kama robo saa, na katikati ya ubishi wakaanza kusimuliana vituko vya huyo kijana, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Jaladani ikaenda ile ya mutura. Mimi nilichofanya ni kupunguza giza kidogo upande wa kushoto.

Jioni hiyo nikashuka matatu nikapita karibu na steji ya bodaboda, pale wanaume hukaa chini ya mjakaranda na drafti yao. Miaka yote nimewapita. Sijui kilichonisimamisha. Yule mzee, mwalimu mstaafu, akaniuliza kama najua kucheza. Nikasema marehemu babangu alinifundisha. “Basi weka simu kwenye mkebe, ukae.”

Mkebe ni wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, ile kilo mbili, uko chini ya benchi. Kila anayecheza huacha simu yake humo. Wa bodaboda peke yao wana ruhusa, maana simu kwao ni mteja.

Asiyeijua drafti yetu: kila mtu ana vifuniko 12 vya soda, vyako vimelala kifudifudi, vya mwenzako chali. Ukifika mwisho wa kibao unapata kingi, na kingi anatembea kibao kizima. Na ukiona cha kula, lazima ule. Hapo ndipo Mwalimu anapoua watu. Anakusogezea kifuniko kimoja kama mtu aliyesahau, unakula kwa furaha, kisha yeye anakula vitatu na kutua kwenye kingi. Mchezo wa nne ndipo nilipong'amua kwamba alikuwa akinilisha makusudi, na kwamba ndivyo nilivyokuwa nikilishwa na simu kila usiku. Tofauti ni kwamba huku kwenye simu hakuna aliyenilazimisha kula.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu, nao si wa ajabu. Taarifa ya habari naisikiliza redioni saa moja jioni, basi. Simu inalala jikoni. Jumanne na Alhamisi ni drafti.

Siasa haikatazwi pale, msije mkadhani tulijificha. Kuna dereva mmoja wa bodaboda anayeitetea serikali kwa jasho, na fundi wa viatu asiyetaka hata kulisikia jina la serikali hiyo. Sheria ya Mwalimu ni moja: ongea ukisogeza. Ukitaka kumwita mwenzako mjinga, kwanza cheza zamu yako. Utashangaa matusi mangapi hufa mtu anapotafuta kwanza pa kuweka kifuniko.

Rafiki yangu mmoja aliniumiza. Mwishoni mwa mwaka ule, vijana walipokuwa wakitekwa, aliniuliza ninawezaje kucheza drafti wakati kama huo. Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Ninachojua ni kwamba mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2025 ulipotoka, nilikuwa na akili ya kuusoma. Nilichapa nakala kazini (karatasi nilinunua mwenyewe, bosi akisoma hapa), Mwalimu akatufasiria kipengele kwa kipengele, pamoja na kile kilichotaka kuondoa kizuizi cha mamlaka ya ushuru kuchungulia data za wateja. Katiba, kifungu cha 118, inataka Bunge lituhusishe wananchi, basi tukajihusisha: ukurasa mmoja, sahihi kumi na moja, ya yule wa bodaboda ikiwemo. Kipengele kile kilitupwa. Barua zilizokipinga zilikuwa nyingi mno kwa sisi kudai sifa. Lakini jioni hiyo fundi wa viatu alitununulia mahamri.

Usingizi haukukaa moja kwa moja. Juni 25, 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja, nilirudi kwenye simu siku nne mfululizo kama mlevi.

Kisha ikaja Saba Saba, Julai 7, siku ya kukumbuka harakati za kudai vyama vingi. Barabara za kuingia mjini zilifungwa, kazini hakuendeki. Nikaenda kwenye mjakaranda saa tatu asubuhi, nikawakuta wote. Mwalimu akasimulia Saba Saba ya 1990, mkutano wa Kamukunji uliopigwa marufuku, alivyokimbia kutoka Shauri Moyo na kiatu kimoja. “Hicho kingine nakidai hadi leo,” akasema, na huku akisimulia akasogeza kifuniko bila kutazama vizuri.

Nilikiangalia kibao mara mbili. Nikala kimoja, nikaruka nikala cha pili, cha tatu, nikatua kwenye kingi.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

“Rudisha, binti yangu. Nilikuwa naongea.”

“Ongea ukisogeza, Mwalimu,” nikamwambia.