Feni ya Tabo

Kifaa chochote kilicholetwa gereji kwa mjomba, pale Ngamiani, alikipapasa kwanza kabla ya kukitazama. Ndivyo alivyofanya jioni ile nilipomfungulia tabo ya lori la saruji, kile kifaa chenye feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi, nimekuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo, na nilishajiona naijua metali.

"Imekwaruza," akasema, kidole kikiwa kwenye ncha za mapanga ya feni, upande wa ekzosi.

Nikasogeza taa. Ncha ziling'aa kama zilizopigwa tupa, na ndani ya kava palikuwa na mchirizi mwembamba wa duara, nao unang'aa vilevile. Nikaitikisa shafti nikidhani beringi zimekufa. Haikucheza hata kidogo.

"Basi mapanga yamerefuka."

Nikabisha. Kwa adabu, lakini nikabisha. Nilichukua chaki nikaandika kwenye mlango wa gereji: nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1455 za selsiasi, moshi wa dizeli unaoingia kwenye tabo, injini ikiwa imezidiwa, ni kama 700. Hata nusu haujafika. "Hii ni aloi ya nikeli, mjomba, nikeli iliyochanganywa na metali nyingine. Imetengenezwa kwa ajili ya moto."

Hakunijibu. Alimwita dereva, naye akaeleza kwamba lori lilikuwa likitoa moshi mweusi kwa miezi, na usiku akipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwenye zile kona za kuelekea Soni, akisimama huliona bomba la ekzosi limekuwa jekundu.

Mjomba akawasha makaa. Akatoa feni nyingine kuukuu kwenye sanduku la vyuma chakavu, akaigusisha sumaku. Haikunasa. (Nikeli tupu hunaswa na sumaku, ikichanganywa na kromi na alumini kwa wingi ule, tabia hiyo hupotea.) Akaiweka motoni pamoja na kipande cha nondo, akavuta mvukuto mpaka vyote viwili vikawa na rangi ya komamanga lililoiva. Nondo aliigonga mara tatu ikalala bapa kama chapati. Panga la feni, lembamba kuliko nondo, aliligonga kwa nguvu ileile na nyundo ikaruka nyuma. Mlio wake ulikuwa wa kitu baridi.

Moyo wangu ulijaa. Nilikuwa nimelisoma jambo hili darasani na sasa nalisikia kwa masikio. Ndani ya aloi hizi mmejaa chembe ndogo mno za nikeli na alumini, zilizopangana kwa mpangilio wao, na chembe hizo zina tabia ya ajabu: joto likipanda, badala ya kulegea, zinazidi kukaza, mpaka karibu nyuzi 700 au 800. Baada ya hapo ndipo nguvu inaporomoka. Mpaka leo sijakutana na jambo zuri kuliko hilo katika kazi yangu.

"Si umeona, mjomba?"

"Nimeona. Lakini nyundo ni mara moja." Akafuta jasho. "Kitanda cha kamba, mwanangu, ukikilalia usiku mmoja hakibonyei. Kilalie mwaka mzima. Kamba haijakatika hata moja, na wewe uko karibu na sakafu."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi, kabla ya chai, nilirudi mlangoni na kuona nilipokosea. Metali haijui selsiasi. Mtambao, yaani kule kuvutika polepole chini ya mzigo, huanza kuwa na uzito joto linapokaribia nusu ya kiwango cha kuyeyuka, na nusu hiyo huhesabiwa kwa kelvini, kipimo kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri ya selsiasi. 1455 ni 1728 za kelvini. Nusu yake ni 864, ambayo ni selsiasi 591 tu. Na aloi ya feni huyeyuka mapema kuliko nikeli tupu. Lori lilikuwa limeuvuka mpaka kila lilipopanda mlima, na feni ikizunguka makumi elfu ya mara kwa dakika, kila panga likivutwa nje na uzito wake lenyewe. Aloi hii huuchelewesha sana mtambao, ndiyo kazi yake, lakini haiuzuii. Ukiongeza nyuzi chache, umri unakatwa vibaya.

Nikafuta 700 kwa kiganja, nikaandika 973.

Tulisafisha nozeli, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikimwaga dizeli kupita kiasi na kuupandisha moto. Feni mpya ilifika kutoka Dar es Salaam baada ya siku nne. Nilizipima zote mbili kwa kalipa, ncha hadi ncha, nikarudia mara tatu. Ya zamani, pamoja na kulika kote kule, ilikuwa imezidi kwa nusu milimita.

Mjomba aliichukua mkononi, akapitisha kidole kwenye ncha zake, macho yako barabarani.

"Kiasi gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Ehe," akasema, akaniashiria nimpe spana.