Mayai ya Krismasi, na kwa nini mathe hataki kuona omuleti tena

Leo ni siku ya kumi na mbili mfululizo tunakula mayai kwa hii nyumba. Asubuhi mayai na chapo, jioni mayai ya kukaanga na nyanya tukisukuma na ugali, na juzi mdogo wangu aliambiwa apeleke bakuli kwa jirani wa floo ya tatu, jirani akarudisha bakuli likiwa na ndizi ndani na akasema asante sana lakini imetosha. Kosa ni langu. Nilisema mwaka huu mapambo ya mti nitayapaka mwenyewe kwa mkono, na sikufikiria vile ndani ya kila ganda la yai kuna yai.

Sikuanza na mayai lakini. Nilianza na ile mipira ya plastiki inauzwa tao kwa dazani, nikaona niipake juu ya ile rangi yake inayong'aa. Rangi ilikaa vizuri siku moja, siku ya pili nikaigusa na kucha ikabanduka yote kama utando wa maziwa. Plastiki laini haishiki rangi ya maji mpaka uikwaruze kwanza na msasa, na kukwaruza mpira mviringo mpaka uwe sawa kila mahali, aki mimi sina hiyo roho. Nikajaribu vipande vya mbao kutoka kwa fundi wa makochi hapa chini, bure kabisa, lakini vumbi la msasa lilijaa kwa viti na mathe akanipa saa moja niwe nimetoa hiyo takataka yote kwa nyumba yake. Nikatoa.

Ndio nikaona maganda mawili ya mayai kwa sinki. Meupe, laini, mepesi. Nikasema hii ni karatasi tayari imekunjwa.

Kuna mse wa ofisini aliniambia ati mayai ni ya Pasaka, nimechanganya sikukuu. Sikubishana sana, lakini huko Ujerumani watu walikuwa wanatundika matufaha na njugu kwa mti kabla mafundi wa vioo wa mji wa Lauscha hawajaanza kupuliza mipira ya kioo, karne ya 19. Kila mtu alitundika alichokuwa nacho. Mimi niko Umoja hapa Nairobi, floo ya nne, na mama mboga wangu anauza mayai kwa trei.

Basi kazi yenyewe. Yai unalitoboa pande zote mbili, juu tundu dogo, chini tundu kubwa kidogo. Anza na ule upande mnene kwa sababu hapo ndani kuna hewa, hata sindano ikiingia kwa nguvu hakumwagiki kitu. Usigonge. Weka ncha ya sindano halafu uzungushe polepole kama unatoboa ukuta na mkono, utasikia tu imeacha kukataa, imeingia. Halafu ingiza njiti uvuruge kiini kipasuke, kwa sababu kiini kizima hakipiti kwa hilo tundu hata upulize mpaka masikio yazibe. Mimi siku ya kwanza nilipuliza kwa mdomo, mayai manane, nikaona nyota, mashavu yakauma mpaka kesho yake, na pia si safi kuweka mdomo kwa ganda bichi limetoka kwa kuku. Kesho yake nikanunua bomba la sindano kwa kemisti, lile la mili tano, bila sindano yake, unasukuma hewa kwa tundu la juu na yai linatoka chini lenyewe pruuu kwa bakuli. Trei nzima ilinichukua kama saa moja na kitu.

Ukimaliza, ingiza maji na hilo hilo bomba, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Usipofanya hivyo ule utando wa ndani utaoza na utakuwa na mti wa Krismasi unanuka kama choo cha stendi. Mimi niliweka na tone la jiki kwa maji ya mwisho. Halafu nje unapanguza na kitambaa chenye siki kidogo kutoa mafuta ya vidole ndio rangi ishike, lakini panguza tu na usuuze, usiloweke, kwa sababu siki inakula ganda. Niliacha mawili kwa kikombe cha siki nikaenda kuangalia nguo kwa kamba, nilikaa huko nikipiga stori, kurudi nikakuta yana mapovu pande zote na ukiyashika ni kama ngozi. Hayo nikaaga.

Trei mbili, mayai sitini. Yaliyofika kwa rangi ni arobaini na moja. Mengine yalipasuka mkononi, moja mdogo wangu alilikalia, na la kienyeji moja nilishindwa kulitoboa nikalipika likiwa zima. Ya gredi yale meupe ndio mazuri kupaka, yale ya kahawia yanataka rangi ya chini mara mbili.

Sasa rangi. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndio nililia. Kulikuwa na kopo la rangi ya mafuta limebaki tangu tulipopaka mlango, nyeupe, nikasema si ni rangi tu. Hii ni Novemba jamani, mvua za vuli, nguo zenyewe zinakaa siku tatu kwa kamba na bado zinanuka unyevu. Ile rangi haikukauka. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu nikagusa na kidole, kidole kikabaki na rangi na yai likabaki na alama ya kidole changu, kama kitambulisho. Nyumba nzima ikanuka tena, mathe akalala madirisha wazi na mbu wakamla na asubuhi hakuniongelesha. Kumi na moja hayo yaliharibika. Nikarudi kwa akriliki, zile chupa ndogo za dukani wanapouza vitabu na vitu vya shule, hiyo inakauka maji yakitoka tu, dakika ishirini hivi hata kukiwa na mawingu, na brashi unaosha na maji ya bomba. Rangi ya chini sipaki na brashi, nachovya kipande cha sponji ya vyombo nagonga gonga, mara mbili, haiachi mistari.

Nikabaki na thelathini. Na sikujua nichore nini.

Ya kwanza nilichora theluji. Sijui kwa nini, mkono ulienda tu hapo kwa sababu kadi zote za Krismasi zina theluji, nikaweka kanyumba na moshi na vidoti vyeupe. Mathe akachukua akaangalia akauliza, hii ni mvua ya mawe? Nikamwambia ni theluji. Akasema aa, akaweka chini, akaendelea kuchambua maharagwe.

Halafu macho yangu yakaenda kwa leso yake, ile ya kisutu ya zamani, nyekundu nyeusi na nyeupe, amejifunga kiunoni kila siku ya maisha yangu. Nikasema hii hapa. Nyekundu tayari iko, nani anataka kengele. Leso ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno. Kwa yai pindo linakuwa mikanda miwili, mmoja juu mmoja chini kuficha yale matundu, mji unakaa tumboni, na jina linazunguka chini ya mji.

Vidoti vya kisutu ndio kazi. Havichorwi na brashi, brashi inakupa kidoti chenye mkia. Nilichukua pini nikaidunga kwa raba ya penseli, kile kichwa cha pini kikawa muhuri, unachovya kwa rangi na unagusa mara moja tu, unatoa ukienda juu. Ukichovya mara moja unapata vidoti vitatu, cha kwanza kikubwa, cha pili saizi, cha tatu kadogo, kwa hivyo nilikuwa nachovya kila baada ya viwili ndio vilingane. Rangi ikiwa nzito kama uji inaacha kiduara chenye ncha, ongeza tone la maji. Ikiwa nyepesi inateremka. Yai moja lilinichukua karibu saa mbili, na hapo katikati stima ikapotea, nikaendelea na tochi ya simu nimeishika na kidevu.

Jina nalo ni stori yake. Nilitaka ya wageni, si Krismasi ni ya wageni, nikachagua mgeni njoo mwenyeji apone. Nikaanza kuandika kwa herufi kubwa kama kwa leso ya kweli, M, G, E, pole pole, mkono hautetemeki, najisifu kabisa. Kumbe yai halina nafasi kama leso. Nilizunguka nikakutana na ile M ya mwanzo nikiwa nimefika hapa: MGENI NJOO MWENYEJI APO. Hakuna pa kuweka N wala E. Nikaenda nayo hivyo hivyo kwa mathe nikijua hataona. Akazungusha yai kwa vidole, akisoma kwa sauti, akafika mwisho akanyamaza. Akauliza, apo wapi?

Alicheka mpaka akapangusa macho na hiyo leso. Hajawahi kunichekea hivyo tangu hii mambo ya mayai ianze. Akachukua hilo akaliweka kwa kabati ya vikombe vya wageni, nikamwambia ni bovu, akasema liachwe hapo hapo.

Baada ya hapo nilijifunza kuzungusha uzi kwa yai kwanza, naunyoosha kwa karatasi, naandika maneno na penseli kwa urefu wa huo uzi, nahesabu herufi na nafasi, yakipita nabadilisha maneno. Maneno mafupi ndio yanaingia. KARIBU NYUMBANI linaingia. TUMEFIKA SALAMA linaingia, hilo ni la ushago, kwa sababu tunasafiri tarehe 22 na nauli ya Disemba mnaijua wenyewe. WAGENI WAPUNGUE liliingia vizuri sana lakini mathe amesema halipandi gari.

Kwa kutundika, uzi napitisha matundu yote mawili na sindano ndefu, chini naweka ushanga wa kuzuia. Ganda tupu halifiki hata gramu kumi kwa hivyo lile tawi la saiprasi tunanunuanga kando ya barabara haliinami, mwaka jana mipira ilikuwa inateleza yote inaenda kukaa chini upande mmoja.

Na juu unapaka vanishi, ya maji tafadhali. Ya mafuta inageuza nyeupe kuwa manjano, mimi nimemalizana na mafuta.

Shida iliyobaki ni ya kukaushia. Yai lililopakwa vanishi huwezi kulilaza popote, kwa hivyo nilikuwa nalichomeka kwa njiti ya mishikaki, na njiti naidunga kwa kiazi. Viazi kumi na tano, njiti mbili mbili, cha mwisho moja, mayai ishirini na tisa yamesimama kwa meza ya kitchen kama watu wamengoja matatu. Nimetoka kazini saa hii. Mayai yote yako salama, yamepangwa kwa midomo ya glasi, na kwa jiko kuna sufuria ya viazi. Nimeuliza. Nimeambiwa, na ulitaka tule mayai tena?