Diski ipi ina mauzo ya leo?

Jumamosi, saa nne usiku. Diski inanakiliwa, imefika asilimia 61, na kilichobaki ni kungoja. Nusu ya kazi ya kufufua seva ni hii, kukaa na kuzuia mikono.

Seva yenyewe ni ya kawaida kwa duka la jumla: mnara mmoja, diski mbili za TB 2 zinazoakisiana (RAID) kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, mfumo wa Debian, hifadhidata ya PostgreSQL yenye mauzo na stoo, na folda ya mhasibu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikagoma kuwaka.

Kila mtu kwanza hubonyeza swichi. Kisha tena, na tena. Pawasaplai (boksi la umeme ndani ya mashine) iliyojeruhiwa inaweza kuamka sekunde mbili tu, na sekunde hizo mbili zikatosha kupeleka umeme mbovu kwenye diski. Kwa hiyo waya utoke ukutani kwanza, halafu diski zote zichomolewe kabla hujapima chochote. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito: ilikuwa tundu lipi, na serial namba yake. Baadaye usiku majina kama sda na sdb yatabadilishana, na serial namba ndiyo pekee isiyobadilika.

Kupima pawasaplai ya kawaida ni kazi ya dakika tano. Kwenye plagi ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni izunguke. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ibebeshe mzigo kidogo, hata diski mbovu ya zamani, maana iliyochoka husoma vizuri ikiwa mikono mitupu na kuporomoka ikipewa kazi. Seva za chapa kubwa nyingi zina plagi za mpangilio wao wenyewe. Hizo usibahatishe rangi, tafuta pawasaplai ya aina ileile.

Na hapa kuna mtego unaoua diski zilizokuwa zima. Pawasaplai zenye kebo za kuchomoa zinafanana upande wa diski tu. Upande wa pili kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine hata modeli mbili za mtengenezaji mmoja hutofautiana. Fundi anabadilisha boksi, anaacha kebo za zamani kwa kuwa zimeshafungwa vizuri, anawasha: volti 12 zinaingia palipotakiwa 5. Ukibadilisha pawasaplai, badilisha na kebo zake zote.

Sasa diski. Zisomwe kwenye mashine nyingine, kwa Linux ya flashi, moja baada ya nyingine. `smartctl -a`, amri ya kusoma afya ya diski, hutoa orodha ndefu, lakini mistari minne ndiyo yenye habari. Namba 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizokwisha kuhamishwa. 197 ni sekta zinazongoja hukumu. 198 ni zile zilizoshindikana kusomeka. 199 mara nyingi haihusu diski kabisa, ni kebo ya SATA, na kebo ni vijihela tu. Diski inayogonga tik-tik izimwe papo hapo, hiyo ni ya maabara ya kuokoa data. (Na habari ya kuiweka kwenye friza iachwe, unyevu utakaoganda ndani utamaliza kilichobaki.)

Hapa diski ya kwanza ilionyesha 197 ikiwa na sekta 24. Ya pili safi kabisa, sifuri kila mahali. Mtu aliyechoka angesema asante Mungu, angechukua ile safi na kuwasha duka. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote usiku huu.

Kabla ya kuchagua, endesha `mdadm --examine` kwenye sehemu ya kila diski na uangalie mistari mitatu: Update Time (saa ya mwisho kuandikwa), Events (hesabu ya mabadiliko) na Array State (nani yupo kwenye safu ya RAID). Diski mbovu ilisoma Events 91770, saa ya leo mchana, na hali `A.`, yaani inajua kwamba iko peke yake. Diski safi ilisoma Events 48213, tarehe ya Machi, na hali `AA`. Inadhani wako wawili bado. Ndiyo iliyofukuzwa kwenye safu, na haikuambiwa, kwa kuwa taarifa ya kufukuzwa iliandikwa kwa iliyobaki tu.

Kwa hiyo ile safi ni safi kwa sababu imelala tangu Machi, haikuandikiwa kitu. Ukiwasha seva nayo peke yake, itaamka bila kulalamika sana, itaonyesha bei za Machi, stoo ya Machi, na namba za ankara za Machi, kisha wauzaji wataanza kutoa stakabadhi zenye namba zilizokwisha kutumika. Ndipo utakuwa na historia mbili zisizounganika.

Ilitokaje kwenye safu? Mara nyingi hivi. Diski za kompyuta za mezani zikikuta sekta ngumu hung'ang'ana zaidi ya dakika nzima. Linux husubiri sekunde 30, ikaona kimya, ikaweka upya muunganisho, na RAID ikaihesabu diski kuwa imekufa. Dawa ni `smartctl -l scterc,70,70`, inayoiamuru diski ikate tamaa baada ya sekunde 7. Isiyokubali amri hiyo, ongeza subira ya Linux hadi 180 kwenye `/sys/block/sda/device/timeout`. Na `/proc/mdstat`, faili la hali ya safu, ilikuwa ikisema `[U_]`, yaani diski moja haipo, miezi yote hiyo. Hakuna aliyeisoma, na MAILADDR (anwani ya kupokea onyo) kwenye mdadm.conf ilikuwa root, sanduku la barua lisilofunguliwa na mtu.

Wazo la kuirudisha ile safi kwenye safu ili ijijenge upya nalo lisubiri. Kujenga upya ni kusoma diski mgonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na sekta zote ambazo hazijaguswa mwaka mzima, bila kumbukumbu ya palipokwama. Kazi hiyo ni ya ddrescue, programu ya kunakili diski mgonjwa inayoweka ramani ya palipokwama. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa gddrescue:

`ddrescue -f -n CHANZO KIPOKEZI ramani.map`

kisha mzunguko wa pili:

`ddrescue -f -d -r3 CHANZO KIPOKEZI ramani.map`

Wa kwanza huvuna kilicho rahisi na kuruka matatizo, wa pili hurudi kuparua. Chanzo na kipokezi viandikwe kwa njia ya `/dev/disk/by-id`, ambako serial namba inaonekana. Ukivigeuza umefuta duka kwa mikono yako. Ramani ikae kwenye diski ya tatu, ili umeme ukikatika tena uendelee pale ulipoishia. Kipokezi kiwe na baiti zisizopungua za chanzo: diski ya TB 2 kwa kawaida ni baiti 2,000,398,934,016. Tena kiwe kipya au kimefutwa kwa sifuri, kwa kuwa ddrescue haiandiki chochote panaposhindikana, na masalia ya zamani yatabaki hapo yakijifanya data yako. Kwa MB 150 kwa sekunde, TB 2 ni saa tatu na dakika arobaini na kitu. Ikifika palipooza, inatambaa. Elekeza feni kwenye chanzo.

Nakala ikikamilika, chanzo kichomolewe kwanza. Diski mbili zenye UUID (kitambulisho) moja kwenye mashine moja ni vurugu. Nakala iunganishwe kwa `mdadm --assemble --readonly --run`, ipachikwe kwa `mount -o ro,noload`. Bila `noload`, ext4 (mfumo wa mafaili) inaweza kuandika jarida lake hata ukiomba kusoma tu. Usiguse `--create`, inayoandika safu mpya, hata kama ushauri wa haraka unasema itasaidia.

Folda nzima ya PostgreSQL, pamoja na pg_wal (jarida la mabadiliko yake), inakiliwe kando, iwashwe kwa toleo kuu lilelile, kisha `pg_dumpall`, inayotoa data yote kwenye faili (dump). Ikikubali, rejesha kwenye hifadhidata mpya, faharasa zitajengwa upya. Lakini dump iliyofaulu haithibitishi kwamba kila kitu kipo. Ukurasa wa PostgreSQL ni kB 8, na ukurasa uliojaa sifuri tupu huhesabiwa kuwa mtupu, halali, hata checksum (namba ya kukagua uharibifu) ikiwa imewashwa. Sekta zisizosomeka zinaweza kumeza ankara kadhaa bila kosa lolote kwenye skrini. Kwa hiyo panga namba za ankara, tafuta mapengo, na mhasibu aje na vitabu vya stakabadhi.

Yaliyobaki ni madogo. Ikiwa madabodi nayo imebadilishwa, kadi ya mtandao itapata jina jipya, enp3s0 ikawa enp4s0, na anwani ya IP ikapotea. Kiingilio cha UEFI (kinachoonyesha mfumo wa kuwasha) kilibaki kwenye madabodi ya zamani, kitengenezwe upya. Betri ya CR2032 ikiwa chini ya volti 3 kwa mbali, saa itarudi miaka nyuma na vyeti vyote vya TLS (vya usalama wa mtandao) vitakataliwa. Memtest86+, kipima RAM, izunguke usiku kucha kabla ya kuiamini.

Asilimia 74. Diski ya Machi iko mezani, imeandikwa kwa wino mwekundu. Haitafutwa wala kurudishwa dukani kwa waranti mpaka hesabu za mwezi huu zifungwe.