Wiki nzima nilisema F shapu

Mimi napiga kinanda kwenye kwaya yetu hapa Chang'ombe, Dodoma, na wapiga kinanda tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kusikia wimbo bila kuutafutia do. Hata honi ya daladala ya Nkuhungu naitafutia do. Kwa hiyo mwenzangu mmoja wa besi aliponiletea flashi yenye ngoma za okestra, sikukaa kusikiliza. Niliwasha kinanda.

Iliyonikamata ni ya Antonín Dvořák, mtunzi Mcheki, ile ya nane katika Ngoma za Kislavoni alizoanza nazo mwaka 1878. Baba yake alikuwa mchinja nyama mwenye nyumba ya wageni kijijini, na yeye mwenyewe alikula riziki kwa miaka akipiga viola, ndugu mkubwa wa fidla, kwenye okestra ya ukumbi wa maigizo mjini Prague. Mchapishaji wa Berlin ndiye aliyemwagiza aandike ngoma za watu wawili kwenye piano moja, maana zile za Kihungari za mtunzi Mjerumani, Brahms, zilikuwa zinanunuliwa sana. Baadaye akaziandikia okestra. Ninachompendea ni kwamba nyimbo za watu hakuzichukua. Alichukua mwendo wa ngoma na hatua zake, melodi akatunga mwenyewe. Sisi tukichukua mdundo wa kijijini tukauwekea maneno ya Zaburi, wapo wazee wa kanisa wanaotuita wahuni.

Turudi kwenye ufunguo, yaani ile sauti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Nilitafuta, nikaupata mara moja: F shapu maina. Nikamtumia mwenzangu ujumbe kwa kujidai kidogo. Akajibu kwamba jina la faili linasema G maina. Nikamwambia majina ya mafaili huandikwa na yeyote, na labda rekodi imepunguzwa kasi ikashuka nusu sauti. Jumatatu tukabishana, Jumanne, Jumatano. Alhamisi jioni tuko mazoezini, soprano wakaanza kunung'unika kwamba wimbo tunaoujua uko juu leo, koo zinauma. Nikatazama kioo cha kinanda. Imeandikwa +1, yaani kila kitu kiko nusu sauti juu. Jumapili nilipandisha ufunguo kwa ajili ya mwimbaji mmoja, nikasahau kurudisha. Wiki nzima nilikuwa nabonyeza F shapu, inatoka G. Yule wa besi alikuwa amekaa nyuma kabisa, na hakusema neno. Alikuwa anatabasamu tu.

Mwendo nao ulinitoa jasho. Aina hii ya ngoma inaitwa furiant. Imeandikwa kwa mapigo matatu kila kipimo, nami nikaanza kwa uaminifu moja-mbili-tatu, nikapotea kabla ya kipimo cha pili. Siri ni kwamba mapigo kumi na mawili ya mwanzo yamekatwa hivi: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Masikio yanadhani ni ngoma ya mbili, kisha anakutoa mkeka chini ya miguu. Na ni ya kasi. Kwa saa ya simu nilihesabu vipimo kama 80 kwa dakika, yaani pigo mojamoja linafika 240 hivi. Kidole cha mguu hakifuati; unakanyaga mwanzo wa kipimo tu.

Wakati huo shangazi alikuwa amekuja kutoka Mvumi kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu. Amekaa mkekani anabambua karanga, mimi narudia rekodi kwa mara ya sita. Shangazi ni mpigaji wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa katikati ya mapaja. Mara ya saba nikaona ameweka ungo pembeni. Viganja viko mapajani: mbili, mbili, mbili, kisha tatu, tatu. Hakuhesabu kitu. Alipofika mwisho wa mzunguko akaanza upya, na kiganja cha kushoto kikaongeza vipigo vidogo katikati ambavyo Dvořák hakuviandika.

Nikamwambia, "Shangazi, huu ni wa huzuni, uko kwenye maina." Ndivyo tunavyofundishana kwaya, maina ni ya Ijumaa Kuu na misiba, meja ni ya shangwe.

"Huzuni iko wapi, mwanangu? Huyu amekasirika, halafu kuna kitu kimemchekesha, halafu amekumbuka kwamba amekasirika."

Nikarudisha mwanzo. Kweli. Okestra nzima inaingia kwa kishindo, matoazi na yote, G maina. Punde tu inageuka G meja, kwa upole. Kwenye kinanda tofauti ni kidole kimoja, B flati inakuwa B. Katikati filimbi na wenzake wanatulia kwenye meja kama watu waliokwenda kunywa maji, kisha ugomvi unarudi. Na kwa Kicheki, furiant ni mtu wa majivuno, yule anayeingia sherehani kifua mbele. Shangazi alimjua bila kuambiwa.

Labda ni kwa sababu hajalelewa na maina na meja. Sauti za malimba, kile kinanda cha vidole gumba cha Wagogo alichokipeleka duniani mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose, hazigawanyiki hivyo. Ipo moja ambayo kinanda changu hakina kabisa: ukiweka do kwenye C, ukibonyeza B flati umeipita, ukishuka A umeikosa.

Shangazi akavuta ungo wake, akasikiliza kidogo tena.

"Mbona njuga hazisikiki? Wamevaa nini miguuni?"

Nikamweleza kwamba hao ni wapigaji, wamekaa kwenye viti, na mbele yao watu wengine wamekaa kwenye viti wanasikiliza.

"Hakuna anayecheza?"

"Hakuna, shangazi."

Akabambua karanga mbili tatu. "Sasa wanaharakisha nini?"