Gudwili iliyojificha

Leo mchana tumepitia tena rasimu ya Machi 2024 ya IASB, bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu, kuhusu IFRS 3 (kuunganisha biashara) na IAS 36 (kushuka kwa thamani ya mali). Mjadala ukakwama kwenye mstari mmoja wa jedwali.

Mfano wenyewe huu hapa.

Kampuni imenunuliwa kwa milioni 500. Mali zake, ukitoa madeni, kwa thamani halisi ni milioni 380.

Gudwili, yaani bei iliyozidi mali hizo: milioni 120.

Ikaingizwa kwenye kitengo cha zamani, yaani kundi la biashara linalopimwa kwa pamoja, chenye nafasi ya ziada ya milioni 200: thamani yake inazidi ya vitabuni kwa kiasi hicho. Thamani ya biashara iliyonunuliwa ikaporomoka kwa milioni 150. Kipimo cha mwaka cha kushuka kwa thamani kinasemaje?

Hakuna hasara. Bado kuna milioni 50 za kukingia kifua!

Rasimu inabana kidogo ngazi ya vitengo ambako gudwili hugawiwa, lakini haiondoi kinga hiyo. Kuipunguza gudwili kila mwaka pia haimo.

Dawa inayopendekezwa na rasimu ni maelezo kwenye hesabu. Ununuzi ukifikia asilimia 10 ya mapato, faida ya uendeshaji au jumla ya mali za mnunuzi, utaje malengo yako, kisha useme kama yametimia.

Kwenye IAS 36, rasimu inapendekeza kuondoa sharti la kutumia mtiririko wa fedha na kiwango cha punguzo (cha kugeuza fedha za baadaye kuwa thamani ya leo) vya kabla ya kodi. Afadhali! Wengi hukokotoa baada ya kodi, kisha hurudi kinyumenyume kutafuta namba ya kuandika.

Wakaguzi na wahasibu wenzangu, ninyi kitengo mnakikata wapi?