Ubaridi wa The Visitors: nusu ni talaka, nusu ni mashine

Kila anayeizungumzia The Visitors, albamu ya nane ya ABBA, kundi la pop la Sweden lililokuwa na wanandoa wawili, huanza na talaka. Na kweli zilikuwepo. Björn Ulvaeus na Agnetha Fältskog walikuwa wameshaachana. Benny Andersson na Anni-Frid Lyngstad, yaani Frida, walitangaza kuachana Februari 1981, na mwezi uliofuata kazi ya albamu ikaanza. Ilitoka tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, kisha haikutoka albamu nyingine mpya ya studio kwa miaka 40, mpaka Voyage ya 2021. Ndiyo maana watu wakisikia ubaridi wa zile nyimbo tisa husema ni mioyo iliyovunjika. Sikatai. Lakini sehemu kubwa ya ubaridi ule ilitoka kwenye kinasa sauti kipya, na fundi aliyekitumia hastahili kusahaulika.

Fundi huyo ni Michael B. Tretow, aliyekuwa na ABBA tangu mwanzo. Mwaka 1973, walipokuwa wakirekodi wimbo "Ring Ring", alikuwa amesoma kitabu kuhusu Phil Spector, prodyuza wa Marekani aliyejaza studio wapigaji wawili au watatu kwa chombo kimoja ili muziki uwe mnene. ABBA hawakuwa na fedha za kulipa kikosi cha namna hiyo. Tretow akawarekodi wapigaji walewale mara mbili, na katika mara ya pili akabadili kidogo kasi ya kanda. Noti za mara ya pili hazikulingana kabisa na za kwanza, zilipishana kwa unywele tu, na kupishana huko ndiko kunakolifanya sikio lisikie umati. Sauti za Agnetha na Frida nazo zilipangwa tabaka juu ya tabaka.

Sasa, mtindo huu una mshirika asiyeonekana: kanda yenyewe ya analogi, yaani ile ya sumaku inayohifadhi sauti kama mawimbi. Ukiisukuma kwa sauti kubwa haigomi ghafla. Inavilainisha vilele vya ngoma, inabana kidogo, na inaongeza mitetemo midogo ambayo sikio huipokea kama joto. Tabaka nyingi zikipita humo zinashikana. Tretow aliijua tabia hiyo kwa miaka, akawa anapima kila kitu kwa kuihesabia.

Halafu mashine ikaja. Polar Studios, studio yao kwenye kisiwa cha Kungsholmen mjini Stockholm, iliyofunguliwa Mei 1978, ilipata kinasa sauti cha dijitali, yaani kinachohifadhi sauti kama namba, cha kampuni ya 3M, chenye treki 32 (njia 32 za kurekodia sauti kila moja peke yake). Nyimbo za mwanzo zilikuwa zimeshaanza kurekodiwa kwa analogi, kwa hiyo albamu moja ikabeba teknolojia mbili. Kanda ya 3M ina upana wa inchi 1, wakati analogi ya treki 24 inahitaji inchi 2, na kanda hiyo ya 3M inakimbia inchi 45 kwa sekunde. Analogi ya studio kwa kawaida haizidi 30. Sauti inapimwa mara 50,000 kila sekunde kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za kompyuta kwa kila kipimo. Kibadilishaji cha biti 16 (kifaa kinachogeuza sauti kuwa namba) kilichofaa kazi hiyo kilikuwa bado hakipatikani mashine ilipobuniwa, hivyo wahandisi waliunganisha cha biti 12 na kingine cha biti 8 kikisaidia.

Matatizo yalikuwa ya aina ambayo hayaonekani kwenye karatasi ya muuzaji. La kwanza ni dari. Kwenye dijitali kuna kiwango cha mwisho, na ukikivuka sauti haibanwi, inakatwa, na mkato huo unasikika kama kitu kinachopasuka. Fundi aliyezoea kurekodi ngoma kwa nguvu ili kanda izilainishe lazima ashushe kiwango, na akishashusha, ile kazi ya kubana na kugandisha iliyofanywa bure na kanda haifanywi na yeyote. Inabidi aifanye mwenyewe kwa kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa, au aipitishe sauti kwenye analogi kwanza.

La pili ndilo ninaloona lilileta ubaridi zaidi. Kanda ya analogi ikichezwa mara mamia wakati wa kuongeza sauti moja baada ya nyingine, hupoteza taratibu zile sauti nyembamba za juu: matoazi, herufi "s" ya mwimbaji, ncha ya kidole kwenye uzi wa gitaa. Mafundi hulijua hilo, kwa hiyo huzizidisha tangu siku ya kwanza. Kwenye dijitali hazipotei. Ulichozidisha Machi kipo vilevile Novemba, kikali kama kilivyoingia. Tretow mwenyewe aliiona sauti hiyo kuwa safi mno na kali. Hata kukata na kuunganisha kulibadilika, maana wembe uliotosha kwa analogi huvuruga mpangilio wa namba, na mashine hutoa mlio au hunyamaza pale kwenye kiungo.

Lakini mashine ilitoa kitu ambacho analogi isingeweza. Kila treki ya analogi ina mvumo wake, ule ule wa kaseti. Treki mbili zenye mvumo sawa zikiunganishwa, mvumo unapanda desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Zikiwa 24, unapanda karibu desibeli 14. Wimbo wenye ngoma na waitikiaji huuficha. Wimbo wenye vitu viwili vitatu tu huuanika. Sasa sikiliza "Like an Angel Passing Through My Room", wimbo unaofunga albamu: mlio wa saa uliotengenezwa kwa Minimoog, aina ya sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki), milio mingine ya sinthesaiza, na Frida peke yake, bila mwitikiaji hata mmoja. Haukuzaliwa hivyo. Toleo la albamu lililotoka 2012 lina mkusanyo wa majaribio yake, na humo unausikia ukivaa nguo moja baada ya nyingine, pamoja na ya disko, kabla ya kuvuliwa zote. Kuvua kiasi hicho ni rahisi zaidi pale ambapo nyuma ya sauti hakuna kinachovuma.

Wapigaji walikuwa wale waliozoeleka: Rutger Gunnarsson kwenye besi, Lasse Wellander kwenye gitaa, Ola Brunkert na Per Lindvall kwenye ngoma. Vinanda vya Benny ndivyo vilivyochukua nafasi kubwa kuliko zamani, hasa katika wimbo wenye jina la albamu, na hilo nalo lina mantiki: sinthesaiza haikuhitaji joto la kanda kama gitaa na ngoma zilivyolihitaji.

Mwezi Agosti 1982 albamu ikawa miongoni mwa CD za mwanzo kabisa kutoka kiwanda cha PolyGram huko Langenhagen, karibu na Hannover. Hata hapo kulikuwa na kikwazo: CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na 50,000 haigawanyiki kirahisi kufika huko.

Prodyuza wa leo wa Dar es Salaam au Mombasa anayerekodi moja kwa moja kwenye kompyuta yuko palepale alipokuwa Tretow 1981. Vilele vya sauti viachwe kati ya desibeli -12 na -6 (sifuri ndiyo dari) wakati wa kurekodi. Sauti za juu zisizidishwe mpaka siku ya kuchanganya. Programu ya kuigiza kanda iwekwe kwenye kundi la ngoma na besi na kwenye kundi la waitikiaji, kidogo kidogo, na sauti ya mwimbaji mkuu iachwe bila hiyo kwanza, isikilizwe, ndipo iamuliwe.