Maji ya kuoshea nyanya

Nyanya zilizochumwa mchana zina joto. Ukizitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na tunda hufyonza maji yenye vijidudu kupitia kovu la kikonyo. Ziache kivulini zipoe. Maji yazizidi joto kwa nyuzi 5 hivi.

Suuza udongo kwanza, maana matope huimaliza upesi klorini, dawa ya kuua vijidudu. Kisha tia mililita 60 za klorini ya maji ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, kwenye lita 20 za maji safi. Yakichafuka, mwaga. Maji ya mitaro ya Kampala usiyaguse, hata ukiyatia dawa!

Na ule weupe wa mankozebu, dawa ya ukungu inayopuliziwa shambani, kwenye nyanya za sokoni unaniumiza sana. Kuosha hakuuondoi wote. Lebo ya dawa hiyo inataja siku za kusubiri baada ya kupulizia kabla ya kuchuma.